Dawa ya Kuku Wako na Tumbo la Mtoto Wako

Mfugaji wa mjini hana nafasi. Kule Ayany na sehemu nyingine za Kibera, na vivyo hivyo Kawangware, mtu aweza kuwa na kuku 30 nyuma ya nyumba, au mbuzi watatu wanaolala ubavuni mwa jikoni, au nguruwe wawili wanaolishwa mabaki ya hoteli. Kutoka bandani mpaka pale watoto wanapochezea ni hatua tano au sita tu. Ufugaji huo si wa kudharauliwa hata kidogo, maana yai ni kitoweo, na mbuzi aliyeuzwa mwezi wa Januari ni karo ya shule. Lakini ukaribu huo wa watu na wanyama una neno lake, nalo ndilo somo letu la mwezi huu. Twataka ujue habari za vijidudu visivyokufa tena kwa dawa, jinsi vinavyotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu na kwa mtu kwenda kwa mnyama, na yale yaliyo katika uwezo wako wewe mwenyewe kuyazuia.

Dawa tunazozisema ni zile ziitwazo antibayotiki: penisilini, tetrasaiklini, streptomaisini, ampisilini, dawa za salfa na nyingine za namna hiyo. Kazi yake ni moja, kuua bakteria au kuwazuia wasizaane. Haziui virusi wala minyoo, na kwa kupe hazina kazi yo yote. Na jambo ambalo wafugaji wengi hawajalifikiria ni hili: dawa anayochomwa ng'ombe na dawa anayoandikiwa mtoto zahanati mara nyingi ni za ukoo mmoja. Chupa ni tofauti, karatasi ni tofauti, bei ni tofauti, lakini dawa ni ndugu. Kijidudu kilichozoea kuishinda tetrasaiklini tumboni mwa kuku hakitauliza kama tetrasaiklini ya pili imenunuliwa duka la mifugo au duka la dawa za watu.

JINSI KIJIDUDU KINAVYOKUWA SUGU

Tuchukue mfano wa E. coli. Hiki ni kijidudu kinachokaa utumboni mwa watu na wanyama wenye afya, na aina zake nyingi hazina madhara. Kikipata joto na chakula cha kutosha, chaweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: kimoja huwa 2, viwili huwa 4, na baada ya saa 8 vimekwisha kupita milioni 16. Katika wingi huo hutokea kimoja kilichozaliwa na badiliko dogo, na badiliko hilo likawa kinga ya kukikinga na dawa. Dawa isipokuwapo, kinga hiyo haikifai kitu. Dawa ikija, wenzake hufa, nacho hubaki peke yake na chakula chote na nafasi yote.

Mkulima analijua jambo hili shambani. Ukipalilia ukang'oa magugu laini na kuacha ndago, hukulisafisha shamba. Umeitengenezea ndago nafasi.

Tena kijidudu hakingoji kuzaa ndipo kirithishe kinga hiyo. Vijidudu vingi huichukua katika kipande kidogo cha urithi, na kipande hicho chaweza kunakiliwa na kupewa kijidudu jirani, hata kama jirani huyo ni wa kabila jingine kabisa. Kwa hiyo E. coli ya kuku, isiyo na madhara, yaweza kupita tumboni mwa mtoto kwa siku chache bila kumwuguza, na katika kupita kwake ikamwachia kinga kijidudu kingine chenye madhara. Siku mtoto atakapougua kwa kijidudu hicho cha pili, dawa itashindwa, na hakuna atakayekumbuka kuku. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu, na sehemu zetu za Afrika, kusini mwa Sahara, zilikuwa katika zilizoumia zaidi.

JARIBIO LA KUKU 300

Mwaka 1976 mwalimu wa udaktari huko Marekani, Stuart Levy, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kila mfugaji wa kuku angefaa kulijua. Katika shamba moja la jimbo la Massachusetts walileta kuku 300. Wengine walipewa chakula cha kawaida na wengine chakula kilichochanganywa na tetrasaiklini kidogo, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile ili kuku wanenepe upesi. Watu wa shamba lile wenyewe hawakupewa dawa.

Haikupita wiki moja vijidudu vya matumboni mwa kuku waliokula dawa vilikuwa karibu vyote ni sugu. Kisha, polepole, mambo yakaanza kuonekana kwa watu. Baada ya miezi mitano hadi sita choo cha wale wakazi wa shamba kilipopimwa kila wiki, asilimia 31.3 ya vipimo vyao vilikuwa na vijidudu ambavyo zaidi ya asilimia 80 ni sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani wasiokaa shambani vipimo vya namna hiyo vilikuwa asilimia 6.8 tu. Watu wale hawakumeza dawa. Waliwahudumia kuku waliokula dawa.

Na habari njema ya jaribio lile ni mwisho wake. Chakula chenye dawa kilipoondolewa shambani, kiasi cha miezi sita baadaye watu 8 kati ya 10 waliopimwa hawakuonekana tena na vijidudu vile sugu. Basi mlango huu waweza kufungwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza antibayotiki za kunenepesha mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na China ilikataza dawa ya kolistini katika chakula cha mifugo mwaka 2017, baada ya kuonekana mwaka 2015 kwamba kinga ya kuishinda dawa hiyo ilikuwa imeenea katika vijidudu vya nguruwe na kuanza kuonekana kwa wagonjwa pia.

YALIYOONEKANA HAPA KENYA

Usidhani kwamba mambo ya Massachusetts yako hivyo hivyo kila mahali. Hapa kwetu wataalamu wametafuta, na majibu yao si ya namna moja. Mwaka 1999 Dkt. Samuel Kariuki wa taasisi ya KEMRI na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya E. coli za watoto na za kuku waliokaa pamoja. Walikuta usugu pande zote mbili, lakini vijidudu vya watoto na vya kuku kwa sehemu kubwa vilikuwa vya nasaba tofauti. Baadaye ukaja uchunguzi mkubwa zaidi ulioitwa UrbanZoo, ambao matokeo yake juu ya jambo hili yalitolewa mwaka 2022. Kaya 99 za Nairobi zilitembelewa, vikachukuliwa vipimo vya watu, vya mifugo, na vya ndege na wanyama wa mwitu wanaokaa karibu na nyumba. E. coli 1,338 zikasomwa urithi wake herufi kwa herufi. Ilionekana kwamba viumbe wa kaya moja hushirikiana vijidudu kuliko viumbe wa kaya mbalimbali. Baina ya mtu na mnyama kushirikiana kulikuwako, ila ni kwa nadra.

Basi mtu asiseme kila kuku ni sumu, si kweli. Lakini neno “nadra” lisikulaze usingizi pia. Jambo la nadra likipewa nafasi kila siku, asubuhi na jioni, katika ua wa hatua tano, siku moja hutokea.

Uchunguzi unaowahusu hasa watu wa Ayany na majirani zao ni ule uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2021. Kaya 200 zilifuatwa kwa muda wa miezi 5, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja wa miaka 5 au chini yake katika kila kaya. Walipimwa choo na mikono, na maji ya kunywa yakapimwa. Kati ya vijidudu zaidi ya 34,000 vilivyojaribiwa, 8 katika kila 10 viliyashinda makundi matatu ya dawa au zaidi. Katika vile vilivyotoka chooni, asilimia 68 viliishinda ampisilini na asilimia 55 tetrasaiklini.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Wale wataalamu walipotazama ni nini kinachomfanya mtu mmoja awe na vijidudu sugu vingi kuliko mwingine, hawakuona kwamba ni dawa alizokunywa wiki mbili zilizopita. Hizo zilieleza kidogo sana. Kilichoonekana ni uchafu wa mazingira: watoto waliokula udongo wa uani walikuwa na vijidudu sugu vingi zaidi. Hata mahali pa kunawia mikono palipotengenezwa kienyeji paliambatana na wingi wa vijidudu hivyo. Jambo hilo la mwisho lashangaza, lakini fikiri: beseni moja ambalo kila mtu huchovya mikono ndani yake halimtakasi mtu, linagawa.

Uchunguzi ule haukuhusu mifugo. Lakini mfugaji anajua udongo wa uani una nini ndani yake. Dawa mbaya hupanda mbegu ya usugu, na kinyesi huitembeza mbegu hiyo. Mtu akiacha kutumia dawa ovyo na samadi ikabaki imetapakaa, amefanya nusu ya kazi.

KINYESI NA UA

Kwa hiyo twaanza na kinyesi, si na sindano. Tenga banda na mahali pa watoto, hata kama ni kwa uzio wa mabati ya zamani au wavu. Kuku wasiingie jikoni wala kulala chini ya kitanda. Fagia banda kila siku asubuhi kabla jua halijawa kali, na uwe na viatu vya bandani ambavyo havivuki mlango wa nyumba. Jambo hili la viatu watu hulicheka, lakini mtoto anayetambaa sakafuni hula kila kilichokuja na soli ya kiatu.

Usitupe samadi mtaroni. Ardhi ya Kibera ni ya mteremko, na mvua ikinyesha maji hushuka na kila kitu hadi Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, yakipita milangoni mwa watu wa chini. Samadi ya Ayany si lazima iwe tatizo la mtu wa bondeni.

Samadi mbichi haifai bustanini. Wengi wanakumbuka jinsi bustani za magunia zilivyoenea Kibera kuanzia mwaka 2008, na zimewasaidia sana watu kupata sukuma wiki karibu na nyumba. Sukuma hupikwa. Lakini dhania na vitunguu vya kachumbari huliwa vibichi, na hapo ndipo samadi mbichi humrudia mwenyewe mezani. Iozeshe kwanza. Rundika samadi pamoja na majani makavu au maranda, nyunyiza maji iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, funika, na uigeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Rundo likiiva vizuri hupata joto la nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, joto linaloua vijidudu vingi vya utumboni. Chomeka kijiti katikati, kiache kwa dakika chache, kisha ukishike: kikiwa cha moto mkononi, rundo linafanya kazi. Ngoja miezi mitatu. Rundo likiwa dogo mno halipati joto, basi majirani wachache waunganishe samadi yao, au wampe mkulima wa nje ya mji mwenye nafasi ya kuiozesha.

Kuhusu kunawa, toboa tundu dogo chini ya kopo au dumu, ulitundike, na maji yatiririke juu ya mikono na kwenda zake. Sabuni iwe imefungwa kamba pembeni. Hapana kuchovya.

DAWA

Kabla ya kununua dawa ya kuku, jiulize kama ugonjwa wenyewe ni wa dawa hiyo. Kuku wanaopinda shingo, wanaoharisha kijani na kufa wengi kwa siku chache yaelekea wana kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Huo ni ugonjwa wa virusi. Uwape tetrasaiklini ya shilingi ngapi, hawatapona kwa hiyo. Watakufa, na wachache wanaobaki watakuwa wamebeba vijidudu sugu. Vivyo hivyo homa ya nguruwe ya Kiafrika: ni virusi, haina dawa. Kuhara damu kwa vifaranga huletwa na kijidudu cha jamii nyingine, na kinga yake kubwa ni matandiko makavu.

Kideri kina chanjo, nayo hutengenezwa hapa Kenya na shirika la KEVEVAPI. Kinachowashinda watu wa mjini ni kwamba chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, na ikikwisha kufunguliwa haiwekwi. Njia ni moja: majirani watatu au wanne wapatane siku, wachange bei, na kuku wa wote wachanjwe asubuhi moja. Chanjo ichukuliwe ikiwa katika barafu. Kwa kuku wa nyumbani kurudia kila miezi mitatu ni desturi nzuri.

Ikiwa daktari wa mifugo ameona kwamba ni ugonjwa wa bakteria na ameandika dawa, basi ipime barabara. Tuseme karatasi yasema gramu 1 kwa lita 2 za maji, na kuku wako 50 hunywa lita 10 kwa siku. Dawa ni gramu 5 kila siku, kwa siku zote alizoagiza daktari. Mwenye kutia gramu 2 “ili ifike mwisho wa mwezi” hakuokoa fedha. Ameua vijidudu dhaifu na kuwaachia nafasi wenye nguvu. Wako pia wanaofungua kapsuli za watu na kuzimimina katika maji ya kuku kwa kukisia. Hiyo si tiba. Na dawa iliyobaki isihifadhiwe juu ya kabati kwa kungoja ugonjwa mwingine, wala asipewe jirani.

Baada ya dawa kuna siku za kungoja, zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa, ambazo mayai, maziwa au nyama haviuzwi wala haviliwi. Hapa ndipo penye uchungu. Tuseme kuku 30 hutaga mayai 24 kwa siku na siku za kungoja ni 7: hayo ni mayai 168, yaani trei 5 na mayai 18. Hatutaki kumdanganya mtu kwamba hasara hiyo ni ndogo. Lakini iweke kando ya gharama ya chanjo na ya kufagia, ndipo utaona lililo rahisi.

Kwa maziwa, fahamu kwamba kuchemsha huua vijidudu, na kila maziwa yachemshwe. Lakini kuchemsha hakuondoi dawa iliyomo. Mama anayetengeneza maziwa lala huijua dalili yake bila maabara: maziwa ya ng'ombe au mbuzi aliyechomwa sindano hukataa kuganda, kwa kuwa dawa imeviua hata vijidudu vizuri vya kuyagandisha.

MTOTO AKIHARISHA

Katika kaya zile 200 za Kibera watoto walipewa antibayotiki mara tano zaidi ya watu wazima. Kuhara kwa watoto mara nyingi hakuhitaji dawa hizo. Mtoto ahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki, na kuendelea kunyonya au kula. Ukiona damu chooni, au homa kali, au macho yameingia ndani na mtoto hana nguvu ya kunywa, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, na umwambie mwuguzi kwamba nyumbani kuna mifugo na ni dawa gani waliyopewa karibuni. Habari hiyo humsaidia kuchagua dawa. Watu wa Ayany wasimsingizie mbuzi homa ya taifodi, lakini. Hiyo ni ya watu, hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

KUPIMISHA

Kuku wakifa na sababu haijulikani, usianze dawa. Zungumza na Afisa wa Mifugo wa wadi yako, au peleka mzoga Kabete, ambako iko maabara ya mifugo ya serikali na pia kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kutoka Kawangware si mbali. Mzoga uwe wa siku ile ile, usigandishwe, ufungwe katika mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa mahali pa baridi njiani, na mikono ioshwe baadaye kwa sabuni. Pamoja nao peleka karatasi yenye maneno haya: umri wa kuku, idadi yao, waliokufa na tarehe walizokufa, chakula wanachokula na kilikonunuliwa, chanjo walizopata, na kila dawa uliyokwisha kuwapa, hata ile ya kukisia.